Vinu vya nyuklia vinavyozaa fueli: serikali igharamie nini, iache nini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Nimesikia kuna kinu cha nyuklia kinachotengeneza fueli nyingi kuliko ile kinayoitumia. Kama ni kweli, mbona serikali kubwa zimemwaga pesa huko kwa miaka sabini na ushei na umeme wake bado ni wa kutafuta kwa tochi? Ni haki kodi za wananchi ziendelee kwenda huko, au kazi hiyo waachiwe wenye makampuni?”

Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli, na hakikutiwa chumvi. Kuhusu pesa, nakujibu mapema usije ukachoka njiani: naona serikali ina sababu ya kuweka mkono wake humo, ila kwa muda mrefu mkono huo umekuwa mahali pasipo pake. Imejenga mitambo mikubwa kwa haraka ili kukimbia uhaba ambao haukutokea, na mara kadhaa ikazibania tafiti ndogo zilizokuwa zinazaa matunda. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na kinu chenyewe. Urani inayotoka ardhini ni mchanganyiko. Katika kila atomi 1,000, saba hivi ni za urani-235, ambayo hupasuka kirahisi na kutoa joto. Zilizobaki, 993, ni za urani-238, na hizo hazipasuki kirahisi. Vinu vingi vya leo, vile vinavyopozwa kwa maji, vinaishi kwa hizo saba. Kinu kizalishi, yaani hicho ulichosikia kinachozaa fueli, kinazitamani zile 993. Urani-238 ikimeza nyutroni (chembe ndogo inayorushwa atomi inapopasuka), baada ya siku kadhaa hugeuka kuwa plutoniamu-239, ambayo hupasuka vizuri sana. Kila mpasuko hutoa nyutroni mbili au tatu: moja inaendeleza kazi, nyingine inageuza atomi ya urani-238, na kama upotevu ni mdogo, mwisho wa mzunguko unakuta plutoniamu iliyozaliwa imeizidi iliyochomwa. Hakuna kiini macho hapo. Umetumia urani-238 ambayo vinginevyo ingelala ghalani.

Ili hesabu hiyo ya nyutroni itoke vizuri kwa plutoniamu, nyutroni zinapaswa kubaki na kasi yake. Maji huzipunguza kasi, kwa hiyo maji hayafai. Wahandisi wengi wakachagua sodiamu iliyoyeyuka. Ina sifa za kuvutia: huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi, huchemka kwenye nyuzi 880 na kitu, hubeba joto upesi, na haihitaji mgandamizo mkubwa kama maji ya vinu vya kawaida. Lakini ikikutana na hewa huwaka, ikikutana na maji hulipuka kwa hasira, na zaidi ya yote huwezi kuona ndani yake. Fundi wa kinu cha maji huchungulia kwa kamera akaona kifaa kilichoanguka. Fundi wa kinu cha sodiamu anapapasa gizani. Kumbuka jambo hilo, maana ndilo lililokula muda na pesa kuliko ajali zilizopamba magazeti.

(Ipo pia njia ya thoriamu, metali nyingine inayoweza kugeuzwa fueli, yaani urani-233. Huko Shippingport, Pennsylvania, kuanzia 1977 hadi 1982 Wamarekani waliendesha kinu cha maji ya kawaida kwa thoriamu na urani-233, na fueli ilipopimwa baadaye ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 1. Ni ushahidi mzuri kwamba jambo linawezekana hata kwa maji, ila ongezeko lenyewe ni la kijiko. Nitaiacha hapo.)

Sasa, kwa nini serikali ziliingia kwa kishindo? Watu husahau kwamba umeme wa kwanza kabisa wa nyuklia ulitoka kwenye kinu kizalishi. Tarehe 20 Desemba 1951, jangwani Idaho, kinu kidogo kilichoitwa EBR-I kiliwasha balbu nne. Enzi hizo urani ilidhaniwa kuwa adimu, na mahitaji ya umeme yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka bila dalili ya kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitabiri kwamba kufikia 2000 nchi hiyo ingekuwa na vinu vipatavyo elfu moja. Ukiamini utabiri huo, kinu kizalishi si anasa tena, ni lazima. Rais Nixon, Juni 1971, alikitangaza kuwa kipaumbele cha taifa na kuweka lengo la kukamilisha kinu cha mfano kufikia 1980. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Japani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa kwenye mbio zile zile, na hakuna aliyetaka kuachwa nyuma.

Mwaka 2000 ulipofika Marekani ilikuwa na vinu mia moja na vichache, si elfu. Bei ya mafuta ilipopanda 1973 watu walijifunza kubana matumizi, ukuaji wa mahitaji ya umeme ukapungua, na wachimbaji walipoambiwa urani inatafutwa wakaitafuta na kuipata kwa wingi kuliko ilivyodhaniwa.

Hapo ndipo hesabu ilipokataa, na nakuomba tuifanye pamoja kwa sababu ni fupi na haihitaji utaalamu. Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 kinahitaji kama tani 200 za urani ghafi kwa mwaka, na kinatoa takriban uniti bilioni 8 za umeme. Chukua bei ya dola 130 kwa kilo, ambayo si ya kutupwa. Urani ya mwaka mzima ni dola milioni 26. Gawa kwa uniti zako: theluthi moja ya senti ya dola kwa kila uniti. Ukiipandisha bei ya urani mara mbili, mwenye kinu atanung'unika lakini hatafunga duka.

Weka upande wa pili kinu kizalishi. Tuseme hakinunui urani kabisa, na tuseme kuichakata fueli yake, yaani kuitoa plutoniamu iliyozaliwa ili irudi kinuni, hakugharimu kitu, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Kama ujenzi wake unazidi ule wa kinu cha kawaida kwa dola bilioni moja tu, na mkopo una riba ya asilimia 7, riba peke yake ni dola milioni 70 kwa mwaka. Umeokoa milioni 26 ili ulipe milioni 70. Katika uzoefu wa nchi zote zilizojaribu, vinu hivi vimekuwa ghali kuvijenga kuliko ndugu zao wa maji: vina mabomba ya sodiamu ya mizunguko miwili kabla ya kufika kwenye mvuke, vina mitambo ya kuzima moto wa sodiamu, vina hita za kuzuia kimiminika kisigande kinu kikiwa kimezimwa. Gharama inayoumiza umeme wa nyuklia ni ujenzi na riba. Kinu kizalishi kinatibu fueli, ambayo haikuwa mgonjwa, na kuongeza homa kwenye ujenzi.

Basi mtu mwenye mtaji wake, akiona hesabu hiyo, atafanya nini? Atasubiri serikali. Na hapa nataka tukae kidogo na mradi mmoja, kwa sababu mkataba wake unafundisha kuliko ripoti nyingi za kitaalamu.

Mradi wa Mto Clinch, jimbo la Tennessee, yaani kile kinu cha mfano cha Nixon, ulipopendekezwa ulikadiriwa kugharimu dola milioni 400 hivi. Makampuni ya umeme yaliahidi kuchangia milioni 257. Kwa macho ya mwanzoni ni ushirika mzuri: sekta binafsi inabeba zaidi ya nusu. Tatizo ni kwamba mchango ule ulikuwa kiasi kilichofungwa. Chochote kitakachozidi ni cha serikali. Mwaka mmoja tu baadaye makadirio yalikuwa karibu milioni 700. Kufikia 1981 yalikuwa yamepita bilioni 3, na uchunguzi wa kamati ya bunge ukakuta ushahidi wa rushwa na ulaghai katika kandarasi. Kabla mradi haujazikwa, wakaguzi wa Kongresi, bunge la Marekani, walikuwa wanataja bilioni 8. Piga picha mwenyewe: fungu la makampuni limeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama asilimia 3, bila wao kuvunja neno hata moja la mkataba.

Rais Carter alijaribu kuusimamisha tangu 1977, Reagan akaurudisha 1981. Kilichouua hatimaye si wanamazingira peke yao. Waliungana na wahafidhina wa kodi, watu ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja, na wote wakauliza swali lile lile: kama jambo hili lina faida, mbona wenye faida hawaweki pesa? Mwaka 1983 sekta ilitakiwa ije na mpango wa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mpango uliorudi bado uliegemea dhamana ya serikali. Mwezi Oktoba mwaka huo Seneti ikakataa kwa kura 56 dhidi ya 40. Hakuna umeme uliotoka pale. Zilikwenda zaidi ya dola bilioni moja na nusu.

Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba Mto Clinch uliuawa na siasa. Mimi nasema uliuawa na kifungu cha mkataba. Siasa zilikuja kusoma bili.

Ujerumani walifika mbali zaidi. Huko Kalkar, karibu na mpaka wa Uholanzi, kinu cha SNR-300 kilikamilika 1985 kwa gharama ya takriban maki bilioni 7, kikakaa na sodiamu yake ikitunzwa kwa joto kwa miaka kadhaa kikingoja kibali, kisha 1991 kikafutwa kabla hakijawaka hata siku moja. Leo ni bustani ya michezo ya watoto, na ndani ya mnara wa kupozea mvuke kuna bembea inayozunguka. Ufaransa ilijenga mkubwa kuliko wote, Superphénix, megawati 1,200. Uliingia kwenye gridi 1986, ukavuja sodiamu, paa la jengo la turbini likaporomoka kwa uzito wa theluji 1990, mahakama na vibali vikausimamisha mara kwa mara, na serikali ya Waziri Mkuu Jospin ikaufunga 1997. Mkaguzi mkuu wa hesabu alitaja faranga bilioni 60 kwa jumla. Nawaonea Wafaransa huruma kwa jambo moja: mwaka wake wa mwisho wa kuzalisha, 1996, ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Japani nayo ina Monju, na hapa ndipo ile sodiamu ambayo mtu haoni ndani yake inapoonyesha rangi zake. Kinu kiliingia kwenye gridi Agosti 1995. Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo, mrija mwembamba uliofunika kipimajoto ndani ya bomba la sodiamu ulivunjika. Haukuvunjika kwa mgandamizo wala kwa tetemeko. Sodiamu iliyokuwa ikipita ilikuwa inautikisa, tikisa tikisa hadi chuma kikachoka, kwa sababu umbo lake lilibuniwa vibaya. Kilo 640 hivi zikamwagika na kuwaka. Hakuna aliyeumia, wala mionzi haikutoka, maana ulikuwa mzunguko wa pili, usiogusa fueli. Kiwanda cha kemikali kingefanya usafi na kurudi kazini ndani ya miezi. Lakini shirika la serikali lililokiendesha liliikata video ya eneo la moto kabla ya kuionyesha umma, na ukweli ulipojitokeza, wananchi wakaacha kuuliza kuhusu mrija na kuanza kuuliza kuhusu watu. Kinu kilizimwa kwa zaidi ya miaka 14. Kikawashwa Mei 2010. Agosti mwaka huo, kifaa cha kubadilishia fueli chenye uzito wa tani 3 na ushei kikadondokea ndani ya chombo cha kinu, ndani ya sodiamu, na kukitoa tu kukachukua karibu mwaka. Desemba 2016 serikali iliamua kukivunja. Zaidi ya yeni trilioni moja zilikuwa zimekwenda, kwa kinu kilichofanya kazi kama siku 250 maishani mwake.

Utaniuliza: mbona Warusi wanaendelea? Swali zuri, na mtu anayekuambia kwamba vinu hivi havifanyi kazi popote hakuambii yote. Kinu chao kizalishi cha BN-600, huko Beloyarsk, kinatoa umeme tangu 1980. Imevuja sodiamu mara 27 kufikia 1997, na mara 14 kati ya hizo moto ukawaka, lakini iligawanywa kwa namna ambayo sehemu moja hufungwa na kutengenezwa huku zingine zikiendelea. Wakazoea. Jirani yake, BN-800, iliingia kwenye biashara 2016, na mwaka 2022 kitovu chake chote, yaani sehemu inayobeba fueli, kikajazwa fueli yenye plutoniamu. Kisha kuna Seversk, ambako tangu 2021 wanajenga kinu cha BREST kinachopozwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyuka, ili waondokane na moto wa sodiamu kabisa.

Tofauti iko wapi? Urusi mwenye kinu, mwenye kiwanda cha fueli, mwenye ghala la plutoniamu na mwenye hazina ni bwana mmoja. Hasara ya mmoja ni faida ya mwingine ndani ya nyumba ile ile, na hakuna seneta wa kuuliza. Hilo linaufanya mpango uendelee. Halithibitishi kwamba umeme wake ni wa bei nafuu.

India ina sababu yake nyingine, na mimi naiheshimu zaidi. Homi Bhabha, aliyeasisi mpango wake wa nyuklia, alipanga hatua tatu tangu miaka ya 1950 kwa sababu nchi ina urani kidogo na thoriamu tele. Hatua ya pili ni vinu vizalishi. Kwa muda mrefu India ilizuiwa kununua urani nje, kwa hiyo ile hesabu yetu ya dola 130 kwa kilo haikuwahusu: huwezi kununua kwa bei ya soko wakati hujaruhusiwa kuingia sokoni. Hata hivyo, kinu chao cha megawati 500 huko Kalpakkam kilianza kujengwa 2004, kikatarajiwa 2010, kikapigwa kalenda mwaka baada ya mwaka, na kazi ya kupakia kitovu ikaanza Machi 2024. Hata mwenye sababu nzuri hasalimiki na sodiamu.

Na India ndiyo inayotuleta kwenye jambo ambalo halionekani kwenye hesabu ya senti. Plutoniamu inayozaliwa lazima itenganishwe na fueli iliyotumika ili irudishwe kinuni. Ikishatenganishwa, inafaa pia kwa bomu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huhesabu kilo 8 kuwa kiasi ambacho huwezi tena kupuuza uwezekano wa bomu moja, na kinu kizalishi kikubwa kina tani kadhaa ndani yake. Mwaka 1974 India ililipua kifaa kilichotumia plutoniamu ya kinu cha utafiti ilichopewa na Kanada kwa matumizi ya amani, na kiwanda kilichoitenganisha kilikuwa kimeelezwa kuwa cha maandalizi ya vinu vizalishi. Ndiyo maana marais wa Marekani, Ford 1976 na Carter 1977, walirudi nyuma kwenye kazi hiyo ya kutenganisha plutoniamu. Ulinzi wa mali hiyo ni gharama ya serikali milele, hata kinu kikiwa cha mtu binafsi. Waingereza wanaijua bili hiyo: huko Sellafield wamelimbikiza kama tani 140 za plutoniamu ya kiraia, sehemu kubwa ikitenganishwa kwa matumaini ya vinu ambavyo serikali iliacha kuvigharamia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Januari 2025 waliamua kuigandisha na kuizika. Yaani wameilipia kuitoa, wameilipia kuilinda, na sasa watailipia kuifukia.

Basi pesa ya umma ifanye nini humo? Nikupe mfano wa ilipofanya vizuri. Tarehe 3 Aprili 1986, huko huko Idaho, wahandisi wa EBR-II walifanya jaribio ambalo kwa maneno tu linatisha. Kinu kikiwa kwenye nguvu kamili, walizima pampu kuu za sodiamu, na walikuwa wamezuia makusudi mfumo wa kuzima kinu wenyewe usiingilie. Joto likapanda. Chuma na fueli ya metali vikatanuka, nyutroni nyingi zaidi zikaponyoka, na mpasuko ukafifia. Ndani ya dakika chache kinu kilikuwa kimejituliza, hakuna mtu aliyegusa kitu, hakuna fueli iliyoharibika. Mchana wakarudia kwa namna nyingine, wakikata njia ya kuondolea joto, na matokeo yakawa yale yale. Wiki tatu baadaye ikatokea Chernobyl, na dunia haikuwa na masikio kwa habari njema za nyuklia.

Kinu hicho kilikuwa kidogo, megawati 20 hivi za umeme, na kiliendeshwa kwa miaka 30 kuanzia 1964. Kilifundisha fueli ya metali, ukarabati ndani ya sodiamu, na tabia ya kinu kinapoachiwa peke yake. Hakuna kampuni ingeligharamia jaribio lile, kwa sababu maarifa yake yasingeuzika: jirani anayasoma bure. Hapo ndipo mahali pa kodi. Na ndicho kilichokatwa 1994, Kongresi ilipofuta mpango mzima wa utafiti uliokizunguka, kwa akiba ndogo ukilinganisha na kilichomwagwa Mto Clinch. Mpango mkubwa ulilelewa kwa zaidi ya muongo. Ule mdogo uliofanya kazi ukafutwa ukiwa unakaribia kujibu maswali yake.

Kwa hiyo ningekuwa nashika kalamu ya bajeti, ningelipia vinu vidogo vya majaribio, maabara za fueli, na hifadhi ya kumbukumbu za walioshindwa, hasa hizo. Kinu cha mfano kikubwa ningekichangia kwa sharti moja lisilo na mjadala: gharama ikizidi, fungu la kampuni linapanda pamoja nayo, si la serikali peke yake. Kiwanda cha kuchakata fueli na gharama ya kuivunja mitambo viwe kwenye makadirio ya siku ya kwanza. Mto Clinch ulihitaji bilioni nyingine ya kiwanda cha kuchakata ambayo haikuwa kwenye tangazo. Na anayetoa pesa asiwe ndiye anayetoa kibali. Mwaka 1956 jopo la washauri wa usalama lilisema taarifa zilizokuwepo hazikutosha kuthibitisha kwamba kinu cha Fermi 1, kando ya Ziwa Erie, kingekuwa salama. Ile Tume ya Nishati ya Atomiki, iliyokuwa na kazi ya kukuza nyuklia na kuisimamia kwa wakati mmoja ikatoa kibali cha ujenzi mwaka huo huo. Oktoba 1966 kipande cha bati la zirkoniamu kiling'oka, kikaziba njia ya sodiamu, na sehemu ya fueli ikayeyuka. Tume ile ilikuja kugawanywa, na msimamizi huru akaanza kazi Januari 1975.

Wapo wanaosema tuachane na uhaba wa urani, sababu ya leo ni taka: kinu chenye nyutroni za kasi kinaweza kuchoma elementi nzito zinazofanya taka zidumu maelfu ya miaka. Kifizikia ni kweli. Lakini inahitaji vinu vingi na miongo mingi ya kuchakata, na bado unabaki na mabaki ya mpasuko yanayohitaji shimo la kuzikwa. Jopo la wanasayansi wa taifa la Marekani lililichunguza jambo hilo katikati ya miaka ya 1990 na halikuona sababu ya kuahirisha shimo kwa ajili yake. Kama kuna hoja inayoweza kunibadilisha mawazo ni hii, ila ije na bili kamili.

Uliuliza kuhusu kuwaachia wenye makampuni. Hata Fermi 1, kilichojengwa na makampuni ya umeme, kilifanya kazi chini ya sheria ya 1957 iliyowawekea kikomo cha fidia iwapo ajali ingetokea, na kikomo hicho nacho ni ruzuku ingawa hakionekani kwenye bajeti. Mfano wa leo ni TerraPower, kampuni iliyoanzishwa na Bill Gates, inayojenga kinu cha sodiamu cha megawati 345 huko Kemmerer, Wyoming. Serikali ya Marekani imeahidi hadi dola bilioni 2, na kampuni inatakiwa kuweka kiasi kama hicho. Huo ni mkataba bora kuliko ule wa Tennessee, na umejifunza kitu. Lakini angalia kilichotokea kwenye fueli: kinu kinahitaji urani iliyorutubishwa zaidi ya ya kawaida, na muuzaji pekee wa kibiashara alikuwa Urusi. Mwaka 2022 mlango huo ukafungwa, kampuni ikatangaza kuchelewa kwa angalau miaka miwili, na Kongresi ikatenga dola milioni 700 kwa ajili ya kuanzisha upatikanaji wa fueli hiyo nyumbani. Mfuko wa pili, nje ya mkataba wa kwanza.

Na jambo moja la mwisho, maana nimeona hata waandishi makini wakilichanganya. Kinu cha Kemmerer ni cha nyutroni za kasi na sodiamu, lakini kimepangwa kuchoma urani iliyorutubishwa na kuitoa ikiwa imetumika, bila kuichakata. Hakitazaa fueli ya ziada. Ukisoma kwamba Marekani imerudi kugharamia vinu vizalishi, jua kwamba bilioni zile mbili zimenunua kitu kingine.